Woga Upo Tayari, Tuongeze Raha

Swali la wiki lilikuwa hili: anayejifunza lugha ya kigeni anahitaji kulifurahia somo, au bidii na woga wa mtihani vinatosha? Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Mwanza, na kwangu somo lisilo na raha ni nusu somo.

Watoto wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu ghafla Biolojia na Jiografia zinakuja kwa Kiingereza. Woga upo tayari. Bado kuna shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni akiongea Kiswahili, na jambo hilo linaniuma sana, maana anachojifunza mtoto huyo ni kunyamaza.

Muhula uliopita nilimwomba kijana mmoja aliyekulia Ukerewe atueleze, kwa Kiingereza, jinsi dagaa wanavyovuliwa. Alisimama vidole vimeng'ang'ania ukingo wa dawati, sauti inatetemeka. Akaanza na taa, akaeleza kwa nini wavuvi wanangoja usiku wa giza: mwezi ukiwaka, taa haiwavuti dagaa vizuri. Wenzake wakamrushia maswali kwa Kiingereza chao cha kuungaunga. Nani anashika taa? Nyavu zikinasa je? Mnalala saa ngapi? Sarufi ilipinda kila mahali. Vidole havikuachia dawati, lakini nilipomwambia akae, aliomba amalizie.

Watafiti Jean-Marc Dewaele na Peter MacIntyre waliandika juu ya hali hiyo mwaka 2014, baada ya kukusanya majibu ya wanafunzi wa lugha 1,746 kutoka sehemu nyingi za dunia. Waliona kuwa raha na wasiwasi si pande mbili za mizani, upande mmoja ukipanda mwingine lazima ushuke. Mtu anaweza kuwa navyo vyote kwa wakati mmoja. Watafiti wa awali walishughulika zaidi na woga. Dodoso maarufu la kuupima, la Elaine Horwitz na wenzake, ni la 1986.

Kwa hiyo walimu wenzangu, tusingoje woga uishe ndipo tuwape watoto nafasi ya kuongea. Mpe mtoto jambo analolijua kukuzidi. Makosa yake mimi nayaandika pembeni, kesho yake nayafundisha darasa zima bila kutaja jina. Mtihani wa Taifa wa kidato cha pili unakuja, nalijua hilo, na sarufi tunaifanya kila wiki. Ila kile kipindi cha watoto kusimuliana naking'ang'ania, na mkuu wa shule akiniuliza namwalika aje akae nyuma ya darasa asikilize.