Muulize Aliyemwogesha

Kijana wa Tukuyu, anayefanya kazi Dar es Salaam, ameniandikia. Baba yake yuko ICU mjini Mbeya siku ya 16 sasa, kiharusi cha pili, anapumuliwa na mashine. Madaktari wamewaita ndugu na kuwaambia ubongo haujibu, mashine itolewe. Mke wa kijana amekubali. Kijana mwenyewe anataka kuuza shamba la chai matibabu yaendelee, na anauliza amfanyeje mke "aliyemchoka mzee".

Pole, mwanangu. Baba ni baba.

Sasa tuongee. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipomlisha mzee japo uji. Sijapaona. Nimeona "natuma matumizi kila mwezi". Aliyemgeuza kitandani tangu mwaka jana, akamwogesha, akampondea mbalaga (ndizi za kupika) laini asipaliwe, ni huyohuyo unayemshtaki kwangu. Na mila za kwenu unazijua: zamani mkamwana wa Kinyakyusa hakutazamana na baba mkwe, akimwona njiani alipita kando. Mkeo ameuvuka mwiko huo akiwa na beseni na kitambaa. Huko ndiko kumchoka?

Ndoa za siku hizi zinaendeshwa kwa miamala. Mume Kariakoo, mke Rungwe, simu ikilia tunasema wazazi wametunzwa. Mzee akizidiwa, mtuma pesa anashuka kwenye basi na sauti kubwa kuliko wote wodini. Mgeni njoo mwenyeji apone; wewe umekuja mwenyeji augue.

Unasema moyo bado unapiga. Moyo una umeme wake, baba. Ukiletewa hewa unaweza kuendelea kudunda hata ubongo ukiwa umekwisha. Acha kukodolea macho ile skrini, muulize daktari: dawa za usingizi zimeshaisha mwilini? Mboni zinasinyaa akimulikwa tochi? Anakohoa koo likiguswa? Akijaribiwa kuachwa avute pumzi mwenyewe, anavuta? Kama dawa zimeisha na kwingine kote ni hapana, mashine haimtibu. Kuitoa si kumuua, na hatatupwa: ataoshwa, atafunikwa, ndugu watakaa naye. Ukibaki na shaka, omba daktari mwingine amwangalie.

Shamba usiliguse. Leo jioni mwite mkeo pembeni, bila dada zako, umuulize mzee alikuwa akisema nini juu ya kifo chake alipokuwa bado na kauli. Kisha unyamaze mpaka amalize.