Vizibuo 41 katika nyumba isiyoingia mvinyo

Nianze na aibu niimalize. Kizibuo, yaani chombo cha kutolea kizibo cha chupa ya mvinyo, cha kwanza cha maana nilichopata maishani nilikiharibu mwenyewe, tena kwa bidii, jioni moja nimekaa barazani na kahawa yangu.

Nilikipata kwa muuza skrepu upande wa Changamwe, hapa Mombasa, ndani ya karai la makufuli yaliyokufa. Akakitupa kwenye mizani pamoja na bawaba mbili nilizokuwa nazihitaji kweli, akasema, "Leta mia mbili hamsini, mzee, uende." Mshiko wake ulikuwa wa mfupa, umegeuka rangi kama jino la mvuta tumbaku. Chini ya mshiko palikuwa na bomba fupi la shaba lenye nembo ya ufalme wa Uingereza, simba upande huu na farasi mwenye pembe upande ule, na ndani ya bomba ndimo ulimokaa msokoto wa chuma. Kwenye ncha moja ya mshiko kulichomoza kishungi cha nywele nyeusi, fupi, ngumu. Nikadhani ni uchafu wa jalalani ulioganda. Nikachukua koleo nikazing'oa mpaka tundu likawa safi, kisha nikashika msasa. Adhana ya magharibi ilinikuta na kitu kinachong'aa kama sufuria ya harusi.

Juma lililofuata nikampelekea mzee mmoja wa Kibokoni aliyekuwa fundi wa saa, nikitegemea sifa. Akavaa lenzi yake jichoni, akakigeuza mara mbili, akauliza swali moja tu: "Brashi yake umeipeleka wapi?"

Ndipo nikaelezwa. Zamani chupa ya mvinyo ililala ghalani miaka, shingo ikapata vumbi, utando wa buibui na vipande vya nta. Mtumishi aliifuta kwanza kwa ile brashi ya kwenye mshiko, ndipo azibue. Na ule ufundi wa bomba unatokana na hataza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa, ya Edward Thomason wa Birmingham, mwaka 1802: unazungusha upande mmoja tu, msokoto unaingia kwenye kizibo, ukiendelea kuzungusha vivyo hivyo kizibo kinapanda chenyewe. Mimi nilikuwa nimeing'oa nusu ya hadithi kwa koleo, na nusu nyingine nikaila kwa msasa, maana hata nembo ilikuwa imefifia.

Basi kama utasoma aya moja tu ya makala haya, isome hii. Ukipata kitu cha kale, usikisafishe. Kiweke mezani mwezi mzima, ukitazame asubuhi na jioni. Kutu, weusi, michubuko ya mkono, hata uchafu ndani ya mchoro, vyote ni maneno, na hujui bado yanasema nini. Kusafisha unaweza kufanya wakati wowote. Kurudisha huwezi.

Leo nina vizibuo 41 na sijawahi kuzibua chupa ya mvinyo hata moja. Sinywi, na nyumbani kwetu hakunywi mtu. Mamangu alipoona vimefika kumi aliniuliza, "Nyumba hii haijaingia mvinyo tangu babu yako, leo waniletea funguo zake?" Nikamjibu ni funguo zisizo na mlango. Hakucheka, lakini hakuvitupa.

Wanaoniuliza kama mambo haya si ya Wazungu huwa nawaambia wasikilize midomo yao. Mvinyo ni neno la Kireno. Pipa ni la Kireno. Kopo pia, na parafujo, na meza unayowekea hivyo vyote. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaondolewa na Waomani mwaka 1698, na vyombo vyao vingi viliondoka au vikavunjika, ila majina tumebaki nayo mpaka jikoni. Mkusanyaji wa Mombasa haokoti vitu vya ugenini. Anaokota vitu ambavyo lugha yake ilishavipokea zamani.

Vinatoka wapi? Vingi vilishuka bandarini Kilindini na kubaki. Meli za abiria, hoteli, nyumba za maofisa kule Kizingo, mabehewa ya chakula ya reli. Familia ikihama au mzee akifariki, vitu vikubwa huenda kwa dalali, na vikorokoro humwagwa kwenye gunia. Hilo gunia ndilo lako. Maduka ya watalii ya Mji wa Kale nayapita kwa salamu tu; kuna wenye vitu vizuri, lakini utakuta pia shaba iliyotoka Moradabad, India, mwaka juzi, ikapakwa weusi ili ionekane imeishi. Weusi wa kweli hukaa mahali mkono usipofika, kwenye pembe na mashimo, na pale panaposhikwa huwa pamelainika. Weusi wa kupakwa umeenea kote sawasawa kama rangi ya kucha.

Herufi zisikutie wazimu, ila zisome. Kitu chenye EAR&H ni cha Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948, kwa hiyo anayekuapia ni cha enzi za kujengwa kwa reli mwachie kiapo chake. EPNS nayo imewaliza wengi. Si fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Birmingham waliusajili mwaka 1840. Fedha halisi ya Kiingereza ina mihuri: simba anayetembea, na alama ya mji, kwa mfano nanga kwa Birmingham. Niliwahi kulipa bei ya fedha kwa trei ya EPNS, na nilizisoma zile herufi kabla ya kulipa, nikajipa moyo kwamba labda ni jina la mwenyewe.

Ukishika kizibuo, anza na ncha ya msokoto. Ikivunjika, thamani imeshuka sana, na wauzaji wengine huinoa upya ili ionekane nzima. Utaona ni fupi na butu isivyo kawaida. Kisha tia njiti ya kiberiti katikati ya msokoto. Ikipita wima, una waya uliosokotwa wenye uwazi. Isipopita, una msokoto wa kigogo, kama keekee la seremala. Hakuna kibaya kati ya hivyo viwili, ila ni vizuri kujua ulichonunua. Kile chenye kisahani kidogo juu ya msokoto kichukue bila kubishana sana, kwani Samuel Henshall, kasisi wa Kiingereza, alisajili hataza ya kwanza ya kizibuo mwaka 1795 kwa sababu ya kisahani hicho: kinagota kwenye kizibo na kukifanya kizunguke kiachane na kioo. Na hivi vya kukunja wanavyotia mfukoni wahudumu wa hoteli, asili yake ni hataza ya Karl Wienke wa Ujerumani, 1882. Vimejaa tele. Mimi ninavyo tisa na ningefurahi kukuuzia saba.

Chupa zinataka kidole zaidi ya jicho. Fumba macho, pitisha ukucha kutoka bega la chupa hadi mdomoni. Ukikutana na mshono unaopanda mpaka juu ya mdomo, hiyo ni kazi ya mashine, na mashine ya Michael Owens inayotengeneza chupa nzima yenyewe ilikuja mwaka 1903. Mshono ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukikosa mshono kabisa, pindua chupa utafute kovu la mpuliza kioo pale chini. Lakini kovu peke yake si ushahidi, kwani hata leo kuna wanaopuliza kioo kwa mdomo. Tazama mikwaruzo ya kitako: chupa iliyosogezwa mezani miaka mia ina mikwaruzo ya kila upande, na ya mdanganyifu huelekea upande mmoja, kama aliyeisugua sakafuni akiwa na haraka. Ndani pakiwa na ukungu mweupe, jaribu siki, kisha punje za mchele na maji kidogo, utikise taratibu. Ukibaki, basi kioo chenyewe kimeliwa, kiache kipumzike.

Majagi ya kioo ya kumiminia mvinyo, yale yenye kizibo cha kioo, nayapenda kuliko yote, na ndiyo yaliyotaka kunigombanisha na mamangu. Ramadhani moja nilirudi kabla ya futari nikakuta amelitoa jagi langu kabatini, amelijaza maji ya ukwaju, limesimama katikati ya meza kama bi harusi. Na kweli lilipendeza. Nikalimwaga. Kioo cha namna ile kina madini ya risasi ndani yake, tangu George Ravenscroft aanze kuisajili kazi hiyo London mwaka 1674; ndiyo inayokipa uzito na mlio mtamu ukikigonga kwa kucha. Kitu kichachu kikikaa humo muda, kinaivuta ile risasi, nayo ni sumu. Mvinyo huivuta, na ukwaju vilevile. Sasa tunatia asmini, mamangu ndiye anayebadilisha maji, na jagi limekuwa lake. Ukienda kununua, linganisha kizibo na shingo: mafundi wengi wa zamani walichora namba ndogo ileile pote pawili. Namba zikitofautiana, hao walioana juzi sokoni.

Hapa niseme neno kuhusu vyetu. Kotama, kile kisu cha mgema, kata ya kifuu iliyolainika kwa viganja, kibuyu cha tembo la mnazi chenye kamba iliyoshonwa mara tatu, vyote hivi ni vyombo vya kinywaji kama kizibuo cha Birmingham, na hapo Kilifi na Rabai bado utamkuta anayevitumia. Sioni wakusanyaji wakivigombania. Mimi nimenunua kotama nne, kila moja kutoka kwa mgema aliyekwisha kupata mpya, na nimeandika alipopandia na miaka aliyoitumia. Usinunue cha pekee alichonacho mtu eti kwa sababu ana shida siku hiyo.

Sheria ijue kabla hujajua bei. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa nchini, kabla ya mwaka 1895. Soma tena: au kuingizwa. Chupa ya Mholanzi nayo imo. Kuvifanyia biashara kunataka leseni, kuvitoa nchini kunataka kibali, na kilichofukuliwa ardhini ni cha Serikali. Kwa hiyo yule kijana anayekujia usiku na chupa yenye chaza, anayekunong'oneza ameitoa karibu na ngome, mrudishe na chupa yake. Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama pale mwaka 1697, ikachimbuliwa kwa utaratibu kuanzia 1977, na vitu vyake viko ndani ya ngome kwa kiingilio tu. Nenda ukavitazame. Jicho langu limesomea pale zaidi ya popote.

Na hewa yetu, jamani. Chumvi ya Mombasa inakula chuma kama watoto wanavyokula mabuyu. Msokoto naupaka mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, kila baada ya miezi miwili. Mishiko ya mbao naipa nta ya nyuki. Mafuta ya nazi usithubutu, yataoza yanuke, na siafu watakushukuru. Vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya navikusanya kuliko pesa. Fedha usiifunge kwa mpira. Itaacha mstari mweusi utakaokukera maisha yako yote.

Kuna kitu kimoja ambacho sijakipata na sitakipata. Nilikwenda kwa sonara mmoja kutafuta mihuri kwenye fedha chakavu, akaingia bibi wa makamo ya juu na mjukuu wake wa miaka kama sita, kuja kuungisha mkufu. Mtoto alikuwa amevaa kidani, kibati cha fedha kilichopinda kama mwezi, na cheni fupi. Nikaomba nikione. Nyuma kulikuwa na simba na nanga. Mbele, kwa herufi kubwa zilizochongwa: SHERRY. Kibati cha kuvika shingo ya jagi la mvinyo, ili mgeni ajue kilichomo; sherry ni aina ya mvinyo.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Hiki mmekipata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mamangu alikuwa ayah kwa Wazungu Kizingo. Walipoondoka wakampa. Ndilo jina la mtoto wao, Sheri. Na huyu tumemwita hivyo hivyo."

Nikataja bei. Nikaongeza. Sonara akanitazama kama mwendawazimu. Bibi akatikisa kichwa kwa upole, na mimi, kwa kuona haya kunyamaza, nikamweleza ni kitu gani. Akalitazama lile neno muda mrefu, akamtazama mtoto, akacheka mpaka ushungi ukamtoka.

"Basi madhali si Shari," akasema, akamfunga kidani chake tena.