Duka la dawa, RAM ya GB 4 na Visual Studio ya kuchakachua

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Mwanza, natengeneza programu ndogo ndogo kwa lugha ya C#. Nimepata kazi ya duka la dawa. Wanataka mfumo wa mauzo na stoo kwenye kompyuta mbili. Laptop yangu ni ya mtumba, RAM GB 4. Kuandikia msimbo natumia Visual Studio Enterprise iliyochakachuliwa, nilipewa kwenye flashi, na kutunzia data natumia SQL Server ambayo sijui hata ni toleo gani. Mteja kaniuliza kama vyote ni halali, nikabaki nameza mate. Nipate wapi zana za bure au za bei nafuu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umekuwa ukiiba kitu ambacho ungepewa bure. Visual Studio ina toleo la Community, na mtu binafsi anayejitengenezea programu anaruhusiwa kulitumia hata kwa programu za kuuza. Masharti hukaza kwenye makampuni: yenye kompyuta zaidi ya 250, au mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, hayaruhusiwi kulitumia kwa kazi za kawaida. Wewe hujafika huko, na huyo mwenye duka la dawa pia sidhani.

Tatizo lako ni RAM. Visual Studio 2022 inataka GB 4 kama kima cha chini, na kima cha chini maana yake itafunguka, si kwamba utafanya kazi kwa raha. Diski nayo itakula GB 20 au zaidi. Ukiona inakwama, hamia Visual Studio Code (kihariri cha msimbo) pamoja na .NET SDK (zana za kujengea programu za C#), vyote bure na vyepesi zaidi. Ila Visual Studio Code haina ile sehemu ya kuchora fomu za WinForms, yaani madirisha ya programu za Windows, kwa kuburuta vitufe. Ndiyo maana ningekushauri mfumo huu uujenge kwa ASP.NET Core, ya kutengenezea programu za kufunguliwa kwa kivinjari: programu ikae kwenye kompyuta moja pale dukani, ya pili iifungue kwa kivinjari kupitia mtandao wa ndani. Intaneti ikikatika, mauzo yanaendelea.

Sasa SQL Server, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kuna matoleo mawili ya bure yanayofanana kwa sura. Developer lina kila kitu, ila leseni yake ni ya kutengenezea na kujaribia tu. Siku mteja anapoanza kuuzia Panadol, umeshavunja masharti. Express ndilo unaloruhusiwa kumwekea mteja. Kwa toleo la 2022, kila kanzidata inaishia GB 10, na duka moja la dawa litachukua miaka mingi kuzijaza. Kasoro yake ni kwamba halina SQL Server Agent, kipangaji cha kazi za kujiendesha, kwa hiyo nakala rudufu za usiku hazitajipanga zenyewe. Andika amri ya sqlcmd (zana ya kuiamuru SQL Server kwa maandishi), uipachike kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows. Ili ujue ulilonalo sasa, andika SELECT @@VERSION; jina la toleo litatokea kwenye majibu.

Ukitaka chepesi zaidi, kuna SQLite, kanzidata inayokaa kwenye faili moja; haina hata leseni ya kusoma, ni mali ya umma. Kwa muundo niliokueleza inatosha kabisa, kwa sababu programu moja tu ndiyo inayoligusa faili. Usije ukaliweka faili hilo kwenye folda ya kushirikishana ili kompyuta zote mbili zilifungue moja kwa moja. Ufungaji wa faili kupitia mtandao hauaminiki, na siku moja utaitwa saa mbili usiku kwamba stoo imevurugika.

Msimbo wako utunze kwa Git, zana ya kuhifadhi kila badiliko. GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo huo, inatoa hazina za siri bure, ila nywila na taarifa za wateja zisipande huko. Mambo ya seva za wingu za bure yaache kwa sasa: nyingi zinadai kadi ya benki, na bure yake huweza kufutwa, kama Heroku, kampuni ya seva za wingu, walivyofanya Novemba 2022.

Kuhusu bando: nenda mahali penye wifi nzuri, endesha faili la kusakinisha la Community kwa amri ya --layout. Litashusha vifurushi vyote kwenye folda, ukasakinishe nyumbani bila intaneti. Kama una pesa kidogo ya kutumia, usinunue programu yoyote. Nunua SSD (diski ya kasi), kisha RAM.

Lakini kabla ya yote, futa hiyo Windows na uisakinishe upya. Anayevunja kufuli la programu huweza kuacha mlango wa nyuma, na kuondoa programu peke yake hakumtoi aliyeingia. Baada ya hapo badilisha nywila zako zote. Halafu mrudie mteja na karatasi moja: jina la kila zana, toleo lake, na aina ya leseni. Mistari haitazidi mitano.