Stroberi Inaponyauka Udongo Ukiwa Umelowa: Majibu kwa Wasomaji

Stroberi zangu za kwenye ndoo, hapa Nyali, hunyauka mchana ingawa nazimwagilia asubuhi na jioni. Je, niongeze maji?

Tafadhali usiongeze. Chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Ukiukuta umelowa ilhali majani yamelegea, mmea hauna kiu, bali huenda mizizi yake imeshindwa kupandisha maji. Ng'oa mche mmoja ulio taabani, uoshe, kisha pasua kwa kisu kikali lile shina fupi lililo baina ya majani na mizizi. Shina zima huwa jeupe ndani, na lililougua huwa na rangi ya kahawia. Katika joto la Mombasa namshuku kwanza kuvu aitwaye Makrofomina, apendaye udongo wenye nyuzi 30 hivi na kuushambulia zaidi mmea uliochoshwa na kiu au uzito wa matunda. Lakini ikiwa maji hutuama ndani ya ndoo, huenda ni Fitoftora, kimelea cha udongo wenye maji mengi kiozeshacho mizizi na shina. Kwa macho magonjwa haya hufanana mno, kwa hiyo ni maabara pekee itakayokupa jibu la hakika, na ni heri usinunue dawa yoyote kabla ya jibu hilo.

Mimi na kaka yangu tunataka kukodi shamba Limuru tuuze stroberi hotelini huku pwani. Shamba hilo lilikuwa la viazi. Lina hatari?

Hatari ipo, ndugu yangu. Viazi, nyanya na biringanya hulisha Vetisilia, kuvu wa mnyauko apendaye ubaridi, ambaye vijipunje vyake vyeusi huweza kuishi udongoni zaidi ya miaka 10. Tafuteni shamba lililokuwa na mahindi, au limeni brokoli kwanza na mabaki yake myafukie, kwa kuwa yakioza hupunguza vijipunje hivyo. Miche nayo iwe safi: mche mgonjwa hulitia ugonjwa hata shamba lisilo na doa.

Kwa nini wakulima wasifukize udongo kwa methili bromidi kama zamani ili kuua vimelea hivi?

Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal, mapatano ya mataifa ya kulinda tabaka hilo, matumizi yake ya kawaida mashambani yalikomeshwa mwaka 2005 katika nchi tajiri na 2015 katika nchi zinazoendelea.

Naweza kuutumia tena udongo wa mimea iliyokufa?

Kwa stroberi, nakusihi usiutumie. Kuulowesha na kuufunika kwa nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6 hupunguza vimelea vingi, ila Makrofomina huvumilia joto kuliko wengi wao. Weka udongo mpya, na ndoo zisugue kwa sabuni na dawa ya klorini kabla ya kupanda.