Monopoly ya kwenye simu: hesabu ambayo simu haikuonyeshi

Monopoly, mchezo wa kununua viwanja na kumtoza pango anayetua juu yake, ikichezwa kwenye ubao wa karatasi, mchezaji analazimika kuhesabu noti, kusoma hati ya kiwanja na kusogeza kete kwa mkono wake. Kwenye simu kazi hiyo inafanywa na programu: unagusa, dadu zinabingirika, kete inatembea, pango linakatwa. Ni raha, na ndiyo sababu wachezaji wengi wa simu wanafilisika bila kujua walipofilisikia. Barazani Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wapo watu wanaokumbuka kila karata iliyoshuka tangu mkono uanze, lakini hao hao wakipewa simu wanabonyeza tu.

Hakikisha kwanza unacheza mchezo upi. Monopoly ya kawaida, ile iliyotengenezwa na Marmalade Game Studio kwa ajili ya simu, inafuata sheria za ubao: kununua, mnada, kubadilishana, kujenga. Monopoly Go ni kitu kingine kabisa. Humo dadu ni za mgao, zikiisha unasubiri zijae au unazilipia, na kadi zake ni za kukusanya picha. Ushauri huu ni wa mchezo wa kwanza, kwa hiyo usije ukautumia kwenye wa pili ukatulaumu.

Kwa wanaosafiri: mchezo wa kupokezana simu moja hauhitaji mtandao muda wote, ila usiamini mpaka ujaribu. Pakua ukiwa na bando la kutosha, fungua mara moja ili umalize kushusha vipande vyake vyote, kisha zima data na ucheze mzunguko mzima. Mchezo ukikubali, utakubali pia kwenye treni ya Tabora au kwenye boti za ziwani za Kibirizi mtandao unapokata. Punguza mwanga wa kioo na uzime madoido ya picha kama mpangilio unaruhusu, maana mwanga na uhuishaji wa dadu na majengo vinakula chaji.

Sasa mpangilio wenyewe, ambao watu huuruka. Kuna swichi tatu zinazoharibu mchezo. Ya kwanza ni ile ya kurundika faini na kodi kwenye nafasi ya maegesho ya bure, halafu anayetua hapo anazoa zote. Kwa sheria ya asili nafasi hiyo haitoi chochote. Ukiiwasha, fedha zinazopaswa kurudi benki zinarudi mezani, aliyekuwa anakufa anafufuka, na mchezo wa saa moja unakesha. Ya pili ni ya kulipwa 400 badala ya 200 ukitua juu ya Mwanzo penyewe, ile kona ya GO mchezo unapoanzia; ubaya wake ni uleule kwa kiasi kidogo. Ya tatu ni mnada, na huu usiuzime kamwe. Sheria ni kwamba mtu akitua kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe akakataa kukinunua, kinapigwa mnada papo hapo, na hata yeye aliyekataa anaruhusiwa kutaja bei. Bila mnada viwanja vinabaki wazi mzunguko baada ya mzunguko na hakuna anayekamilisha rangi, yaani kushika viwanja vyote vya rangi moja.

Kwenye mnada kuna kipimo kimoja rahisi. Kila kiwanja kinawekwa rehani kwa nusu ya bei yake. Kiwanja cha 200 kikikaribia kuondoka kwa 90, kichukue hata kama hukihitaji, kwa sababu benki itakupa 100 juu yake dakika hiyo hiyo. Kukikomboa ni 110, yaani rehani na asilimia 10 juu.

Twende kwenye dadu, maana hapa ndipo maneno mengi ya kijiweni yanapoanzia. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Saba inakuja kwa namna 6, sita na nane kwa namna 5 kila moja, tano na tisa kwa namna 4, na kuendelea kushuka hadi mbili na kumi na mbili zenye namna moja moja. Ubao una nafasi 40 na wastani wa mrusho ni 7, kwa hiyo mzunguko unachukua mirusho mitano au sita. Kama kila nafasi ingetembelewa sawa, ungelinganisha rangi kwa bei na pango tu. Hazitembelewi sawa, na sababu ni jela.

Jela inaingiwa kwa njia nyingi: ile nafasi ya kona inayokupeleka, kadi moja katika kila fungu, na kurusha pacha tatu mfululizo, yaani dadu mbili kutoa namba sawa mara tatu. Kila aliyeingia atatoka, na akitoka anaanzia pale pale. Hatua 6, 8 na 9 kutoka jela ndipo vilipo viwanja vitatu vya rangi ya machungwa. Namna 5, 5 na 4 ukizijumlisha unapata 14 kati ya 36, karibu asilimia 39 kwa mrusho mmoja. Hata anayetoka kwa pacha hasalimiki: kati ya pacha sita zilizopo, tatu-tatu na nne-nne zote mbili zinamtua kwenye machungwa. Fikiria duka lililo mwanzo wa barabara ya Lumumba, pale mtu anapoanza kupanda kutoka stesheni ya reli. Halihitaji kuwa la kifahari, abiria wote wanapita mlangoni.

Sasa weka bei pembeni ya hiyo njia. Machungwa yote matatu yanagharimu 560 (180, 180 na 200), na nyumba moja ni 100. Ukijenga nyumba tatu kila kiwanja umetumia 900, jumla 1,460, na pango ni 550 au 600. Kijani, ambacho wageni wa mchezo hukikimbilia kwa sababu kinaonekana cha matajiri, ni 920 kwa viwanja na 1,800 kwa nyumba tisa, jumla 2,720, kwa pango la 900 au 1,000. Umelipa karibu mara mbili kupata pango ambalo halifiki mara mbili, na kijani kiko mbele ya kona inayopeleka jela, kwa hiyo wapo wanaochukuliwa kabla hawajakifikia. Samawati ya mwanzoni mwa ubao ndiyo ya mtu mwenye mtaji mdogo: viwanja 320, nyumba tisa 450, jumla 770, pango 270 au 300. Haimuui mtu, lakini inamtoa damu mapema wakati bado ana hati mbili tatu tu.

Kwa nini nyumba tatu? Soma hati ya machungwa polepole, gusa kiwanja mpaka ifunguke. Pango la 14 bila kitu, linakuwa 28 ukikamilisha rangi, nyumba moja 70, mbili 200, tatu 550, nne 750, hoteli 950. Nyumba ya tatu inaongeza 350 kwa fedha ile ile ya 100 ambayo baadaye itakuongezea 200 tu. Rangi nyingi zina mruko huo huo mahali hapo. Kwa hiyo fedha ikiwa chache, fikisha tatu kwenye rangi moja kabla hujagusa rangi ya pili. Kujenga ni kwa usawa: huwezi kuweka ya pili hapa kabla ya kila kiwanja cha rangi hiyo kupata ya kwanza, na programu itakukatalia bila maelezo ya kutosha.

Programu hukatalia pia kwa sababu nyingine inayowachanganya watu hadi wanazima simu na kuiwasha upya. Benki ina nyumba 32 na hoteli 12, basi. Zikiisha nyumba, kitufe cha kujenga kinafifia hata kama una elfu mbili mkononi. Simu yako haina kasoro, ni uhaba wa nyumba, na huo uhaba unaweza kuutengeneza wewe. Mwenye machungwa na samawati akiweka nyumba nne kwenye viwanja vyote sita ameshika 24. Zimebaki 8 kwa ubao mzima. Akishawishika kupandisha hoteli, kila hoteli inarudisha nyumba nne benki, na jirani aliyekuwa amekwama na rangi nyekundu anapumua. Kwa mchezo wa watu wanne, kubaki na nyumba nne kunalipa kuliko hoteli mara nyingi sana. Na aliye na hoteli ajue hatari yake: akihitaji fedha wakati nyumba zimekwisha benki, hawezi kuishusha hoteli kuwa nyumba nne. Atauza moja kwa moja zaidi ya alivyotaka, na kila jengo linarudi kwa nusu ya bei.

Kadi ziko mafungu mawili ya 16, lile la alama ya kuuliza na lile la kasha. Hayafanani hata kidogo. La alama ya kuuliza lina kadi 10 zinazokusogeza mahali pengine. La kasha lina 2 tu, nyingine ni za kulipa na kulipwa. Mbili kati ya zile 10 zinakupeleka kwenye stesheni ya reli iliyo karibu mbele na kumlipa mwenyewe mara mbili, nyingine inakupeleka kwenye stesheni ya kwanza. Ndiyo maana stesheni nne kwa mkono mmoja (pango 25, 50, 100, kisha 200) ni kitega uchumi kizuri mwanzoni, ingawa hazipandi tena baada ya hapo. Ipo pia kadi ya kurudi hatua tatu: ukiichota kwenye alama ya kuuliza iliyo katikati ya viwanja vyekundu, inakurudisha juu ya machungwa ya mwisho. Machungwa tena.

Kadi ya kuogopa ukishajenga ni ya matengenezo. Fungu moja linadai 25 kwa nyumba na 100 kwa hoteli, jingine 40 na 115. Mwenye nyumba 12 akiangukia ya pili anatoa 480 bila kukanyaga kiwanja cha mtu. Kabla ya kubonyeza kujenga, angalia nafasi 12 zilizo mbele yako, tafuta pango kubwa kuliko yote ya wapinzani humo, na usibaki na chini ya hapo. Mbele kukiwa salama, jenga hadi mwisho.

Jela inataka akili mbili tofauti. Mwanzoni, viwanja vikiwa bado vinanunuliwa, toa 50 utoke mara moja; kila zamu uliyokaa ndani mwenzako ananunua. Baadaye ubao ukishajaa nyumba, kaa. Ukiwa ndani unaendelea kupokea pango, unajenga, unabadilishana, ila hulipi kwa mtu. Usibonyeze kulipa, bonyeza kurusha. Nafasi ya kutoka kwa pacha ni 1 kati ya 6 kwa kila mrusho, na baada ya mrusho wa tatu bila pacha unalipa 50 na kutoka. Programu nyingine huweka kitufe cha kulipa kikubwa na cha rangi. Kidole kikizoea kinakugharimu.

Kubadilishana ndiko kunakoamua mchezo wa watu wanne, kwa kuwa ni nadra dadu zikupe rangi nzima peke yake. Usipime mabadilishano kwa bei iliyoandikwa kwenye hati. Jiulize nani kati yenu ana fedha za kufika nyumba tatu kesho yake. Mtu akikupa kijani cha mwisho akachukua machungwa ya mwisho, na wote mna 500, yeye anajenga nyumba tano leo, wewe mbili. Kiwanja kilicho rehani kikibadilishwa, anayekipokea analipa asilimia 10 hapo hapo, jambo linaloonekana kwenye salio baada ya kukubali, wakati huwezi tena kurudi nyuma.

Kuhusu lawama kwamba simu inajipendelea kwenye dadu: andika mirusho 72 kwenye karatasi, ya kwako na ya mashine, kila mmoja na safu yake. Saba zitegemee kuwa karibu 12 kila upande, pacha hivyo hivyo. Zikiwa 9 au 15 hakuna jambo, bahati huyumba. Pacha tatu mfululizo ni 1 kati ya 216, ndogo, lakini mchezo mmoja mrefu una zamu zaidi ya mia.

Na siku skrini ikiwa nyekundu kwamba unadaiwa kuliko ulicho nacho, usiguse kitufe cha kukubali kufilisika kwa hasira. Weka rehani viwanja vya rangi pungufu kwanza, kisha mitambo ya maji na umeme, kisha stesheni. Nyumba ziwe za mwisho, na ukiziuza zianzie kwenye rangi inayotembelewa kidogo. Kiwanja hakikubali rehani mpaka rangi yake yote iwe haina jengo. Kama hata hivyo hufiki, tazama unadaiwa na nani. Ukifilisika kwa benki, viwanja vyako vinapigwa mnada. Ukifilisika kwa mchezaji, vyote vinahamia kwake, kwa hiyo kama zamu yako ilikuwa bado na nafasi ya kumuuzia mwingine kitu kabla hujarusha dadu, hapo ndipo ilipaswa kutumika.