Ibn Battuta “anathibitisha” au “anasema”?

SWALI: Nasoma historia chuoni. Katika insha yangu niliandika: “Ibn Battuta anathibitisha kuwa nyumba za Kilwa zilijengwa kwa miti.” Mwalimu amekizungushia kitenzi wino mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi? Na je, niseme “anasema” au “alisema”? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Mwalimu wako ana haki, ila angekupa na sababu. Mimi nitakupa, maana kitenzi hiki kimenikera kwa miaka mingi.

“Thibitisha” asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja na “thabiti”. Kuthibitisha jambo ni kulisimamisha imara hata mwenye shaka asiweze kulitikisa. Ndani yake mna kazi: hati, kipimo, shahidi wa pili. Siku hizi limeshushwa hadhi, limekuwa “sema” lililovaa suti. Mwanasiasa akiahidi barabara, “athibitisha”. Mchezaji akidai goti limepona, “athibitisha”. Kwenye magazeti nimeshanyoosha mikono, na kamanda wa polisi akithibitisha ajali simlaumu, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kuitangaza. Lakini kwenye insha ya historia sikubali, kwa sababu huko neno hili linaharibu ushahidi wenyewe.

Chukua hiyo Kilwa yako. Ibn Battuta, mtu wa Tanja huko Moroko, alipita pwani yetu mwaka 1331. Kitabu cha safari zake hakukiandika kwa mkono wake. Alirudi kwao, sultani Abu Inan akaamuru habari zake zihifadhiwe, akamsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika mwaka 1355. Kwa hiyo baina ya jicho lililoiona Kilwa na karatasi tunayoisoma ipo miaka zaidi ya 20 na kalamu ya mtu mwingine. Na kalamu hiyo haikuwa na haya: habari za Makka na Dameski zina mafungu yaliyochotwa kwa Ibn Jubayr, msafiri aliyetangulia karne nzima.

Sasa, kitabu kinasema Kilwa ni mji mzuri uliojengwa vyema, wote kwa miti, na mapaa ya matete. Vuka maji uende Kilwa Kisiwani ukatazame. Msikiti Mkuu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu yake ya kale ilikuwa imesimama zaidi ya karne moja kabla msafiri huyu hajatia mguu. Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya mwamba ukingoni mwa bahari, lenye birika la pembe nane, nalo ni la mawe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimba katika miaka ya 1960, na huko yalipatikana maandishi yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani yuleyule aliyempokea Ibn Battuta.

Basi ukiandika “anathibitisha”, umeziambia kuta hizo kwamba zinasema uongo. Ukiandika “anasema”, umefungua mlango wa maswali. Huenda watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo, na hizo ndizo zilizomjaa machoni. Huenda alichanganya Kilwa na Mombasa, ambako anasema misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Huenda mnakili mmoja aliteleza. Yote hayo yanastahili kujadiliwa, nawe ulikuwa umeyafungia nje kwa silabi mbili, yaani hiyo “-tisha”.

Wala usinielewe kwamba msafiri huyu hafai. Anafaa mno, ila kila habari yake ina uzito wake, na Kiswahili kina kitenzi cha kila uzito. Anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemeni alimwomba sultani wa Kilwa nguo alizovaa mwilini. Sultani akaenda kuzivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi, baba akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki anasema alikuwapo, kwa hiyo andika “anasema alishuhudia”. Lakini dhahabu ya Sofala, iliyotoka nchi ya Yufi mwendo wa mwezi mzima, aliisikia tu kwa mfanyabiashara, Sofala hakufika. Hapo andika “alisimuliwa”. Tazama hiyo “-w-”: herufi moja imemwonya msomaji kwamba habari imepita mdomo wa pili.

Na “thibitisha” lina mahali pake. Uchimbaji ulithibitisha kuwapo kwa majengo makubwa ya mawe. Hata sarafu ya huyo al-Hasan iliyopatikana Great Zimbabwe, mimi ningesema “inaunga mkono” uhusiano wa Kilwa na bara. Yufi yenyewe haiithibitishi.

Kinachoniudhi zaidi ni upendeleo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha masimulizi ya Waswahili waliosafiri, akiwamo Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia. Katika insha ninazosoma, mgeni akieleza mila zetu “anathibitisha”. Salim akieleza mila za Warusi “anadai”. Kwa nini? Wote wawili walipita njia, wakaona kwa macho ya ugenini, na maneno yao yametufikia kupitia mikono ya wengine. “Dai” lina harufu ya shaka. Ukilitumia, lete sababu ya shaka hiyo, na ulitumie kwa haki kwa wote.

Kuhusu njeo, yaani wakati wa kitenzi, hapo ni rahisi. Maneno yaliyomo kitabuni yape “anasema”, kwa kuwa kitabu kipo na kila akifunguaye huyakuta humo. Matendo yake njiani yape “-li-”: “alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akaelekea Kilwa.” Insha yako iandike upya hivi: “Ibn Battuta anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za miti, ingawa magofu ya mawe ya wakati huo yangalipo.” Kisha mpelekee mwalimu.