Majani ya vinka na sukari ya mama

SWALI: Shikamoo dokta, mi msomaji wenu niko Tanga. Mama yangu ana sukari mwaka wa nne sasa, anameza vidonge vya sukari, metfomini. Jirani kamwambia aachane na vidonge, achemshe majani ya yale maua ya pinki ya petali tano, vinka tunayopanda mlangoni, anywe kikombe asubuhi na jioni. Wiki ya pili hii, sukari imeshuka kidogo ila anachoka sana na choo hapati. Aendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, asiendelee hata leo jioni. Arudie vidonge vyake kama alivyoandikiwa, na kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya wampime sukari na wahesabu chembe za damu, na usifiche, waambie kabisa amekunywa majani gani na kwa siku ngapi. Akipata homa usiku usisubiri kuche.

Jirani hajatunga, msimgombeze. Vinka asili yake Madagaska na watu wa nchi nyingi wameichemsha kwa ajili ya sukari miaka na miaka, hata Jamaika. Ni majani ya huko Jamaika yaliyotumwa Kanada miaka ya 1950 yakamfikia mtafiti Robert Noble, yeye na mwenzake Charles Beer wakawapa wanyama wa maabara maji yake, kwa kunywesha sukari haikushuka, wakaamua kuwachoma sindano panya na hao panya wakafa kwa maambukizi, mana chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zilikuwa zimepungua vibaya. Sasa wao wakawaza, kitu kinachopunguza chembe nyeupe si kinaweza kumsaidia mwenye saratani ya damu ambaye hizo chembe zimemzidi? Kufikia 1958 walishaipata vinblastini, dawa ya saratani, na nyingine, vinkristini, ikafuata kutoka kwenye ua hilohilo. Leo watoto wetu wenye saratani ya damu na ile ya Burkitt inayovimbisha taya wanatibiwa kwa vinkristini, mi nalipenda hili ua kwa sababu hiyo.

Lakini ndo uone ni kitu kikali kiasi gani. Dawa hizi zinazuia seli kugawanyika, na vinkristini inajulikana kwa kufunga choo na kuumiza mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi. Siwezi kusema nikiwa huku kwamba choo cha mama kimefungwa na majani, ila sipendi dalili hiyo hata kidogo. Na sukari kushuka isikudanganye, mtu aliyechoka tumbo limejaa anakula kidogo, itashuka tu.

SWALI: Dokta, kama saratani inatibiwa na vinka, nimchemshie dada yangu badala ya kemo, zile dawa za saratani za hospitali? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Usimchemshie dadangu, nakuomba. Kwenye jani dawa hiyo ni kidogo mno, viwandani wanatumia majani makavu mamia ya kilo kupata gramu moja moja, alafu inapigwa kwenye mshipa wa damu kwa kipimo cha uzito na umbo la mgonjwa huku damu yake ikiangaliwa. Kikombe hakina kipimo, kinabeba sumu nyingine za mmea, na dada ambaye kinga yake tayari iko chini kwa kemo hafai kuongezewa. Akichoka na kemo mwambieni daktari wake, kichefuchefu kina dawa.